Maswali yenu: Wamarekani na Mfalme George wa Tatu

Mwezi huu wengi wenu mmeuliza jinsi makoloni 13 ya Amerika yalivyojitoa kwa Mwingereza. Nimechagua maswali manne.

Ni kweli waligombana kwa sababu ya kodi ya chai? (Msomaji, Morogoro)

Chai ilikuja baadaye. Ugomvi ulianzia kwenye deni. Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita na Ufaransa ikiwa mshindi, ila deni la serikali lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu. London ikaona makoloni nayo yachangie gharama za askari waliobaki huko. Mwaka 1765 ikaja Sheria ya Stempu: hati za mahakama, magazeti, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe. Watu wa makoloni, ambao hawakuwa na mbunge London, wakafanya ghasia, wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza, na mwaka uliofuata sheria ikafutwa. Lakini siku ileile ikapitishwa nyingine, kwamba Bunge la London lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyoharibu mambo kuliko stempu zenyewe.

Na chai je? Sheria ya mwaka 1773 iliishusha bei! East India Company, kampuni ya Kiingereza iliyouza chai ya Asia, ilikuwa taabani, ikaruhusiwa kuipeleka Amerika moja kwa moja. Ushuru wa peni tatu kwa ratili ukabaki palepale, hivyo kuinunua kulimaanisha kukubali kwamba London ina haki ya kutoza. Wauza chai ya magendo nao waliona riziki yao inakwenda. Usiku wa Desemba 16, makasha 342 yakatupwa majini Boston. London ikajibu kwa kuifunga bandari ile, na makoloni mengine, badala ya kuiacha Boston ibebe mzigo wake, yakaiunga mkono.

Kwa nini wasingepewa tu viti bungeni London? (Msomaji, Mombasa)

Wenyewe hawakuvitaka. Wabunge wachache ng'ambo ya bahari wangeshindwa kila kura. Walikuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, la Virginia tangu 1619, na walitaka hayo ndiyo yapange kodi.

Walidai uhuru tangu mwanzo? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Hata baada ya damu kumwagika katika mapigano ya kwanza, huko Lexington na Concord karibu na Boston, Aprili 1775, wajumbe wa makoloni waliokutana Philadelphia walimwandikia mfalme kuomba suluhu. Alikataa kuipokea barua, akawatangaza kuwa waasi. Kura ya kujitenga ilipigwa Julai 2, 1776, na tamko la uhuru likapitishwa siku mbili baadaye. Wengi walibaki na mfalme. Benjamin Franklin, mmoja wa viongozi wa makoloni, alilitia saini tamko, huku mwanawe William, gavana wa mfalme huko New Jersey, akiwa kizuizini.

Watumwa walikuwa upande gani? (Msomaji, Bujumbura)

Upande ulioahidi uhuru. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayeshika silaha kwa ajili ya mfalme atakuwa huru. Msimwite mkombozi: yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, na wa watu watiifu kwa mfalme hakuwagusa. Hata hivyo maelfu walitoroka. Vita ilipokwisha mwaka 1783, takriban 3,000 walisafirishwa kutoka New York hadi Nova Scotia, katika Kanada ya leo, wakakuta baridi na ardhi mbovu, na mwaka 1792 karibu 1,200 wakavuka kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Thomas Jefferson, aliyeandika katika tamko la uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa, aliendelea kumiliki watumwa hadi kifo chake.

Ndiyo maana sipendi mapinduzi yale yafananishwe na uhuru wa Tanganyika au Kenya. Wamarekani wale walikuwa walowezi, na mojawapo ya manung'uniko yao ni kwamba mfalme aliwazuia kuhamia ardhi za wenyeji magharibi ya milima ya Appalachia. Wanaofanana nao zaidi ni walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo: Novemba 1965 waziri mkuu wao, Ian Smith, alijitangazia uhuru kwa tamko lililoiga lile la 1776, na mwezi uliofuata Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kuuzima uasi huo.