Divai ya nanasi Mwanza: leseni ya duka haitoshi

Dada wa Buswelu, umeuliza kama leseni ya duka inakuruhusu kutengeneza divai ya nanasi za Sengerema, na kama baadaye unaweza kunereka (kuchemsha na kukinga mvuke) pombe kali hapohapo nyumbani.

Kwa divai, hiyo leseni haitoshi. Unahitaji jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), eneo lililokaguliwa, alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), na usajili wa TRA (mamlaka ya mapato) ili ulipe ushuru wa bidhaa na kupata stempu za kielektroniki za kubandika kwenye chupa. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato. Wamezoea kuwaongoza wajasiriamali wadogo mpaka TBS. Chupa iwe ya ujazo halali, kwani viroba vya plastiki vya pombe vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017.

Usiharakishe kujaza chupa. Mimi niliharakisha, nikaona ndoo imetulia nikadhani hamira imemaliza kazi. Usiku chupa tatu zikapasuka, vigae vikafika hadi kwenye kitanda cha mtoto. Nakuomba sana, subiri mapovu yakome kabisa, na kipimo cha sukari kisibadilike kwa siku kadhaa.

Kunereka acha. Bila leseni ni gongo, na Sheria ya Moshi (jina jingine la gongo) ya 1966 inakuhusu moja kwa moja. Tena metanoli haina harufu ya kukuonya: inapofua macho, inaua. Kama mtu anakuuzia mtambo wa pipa na mrija wa shaba kwa bei nafuu, usiuchukue. Pesa hiyo nunua kipima sukari cha divai na chupa safi.