Kila Mtu Alidhani Mwenzake Ataita Polisi

Wasomaji wanauliza, nasi tunajibu. Safari hii barua tatu zimegusa jambo moja: mtu na dhamiri yake mbele ya wenzake.

SWALI: Mtaani kwetu kijana alishikwa na simu ya kuiba. Alipigwa karibu nusu saa. Tulikuwa zaidi ya hamsini, wengi wetu watu wa msikitini na kanisani, na hakuna aliyezuia wala aliyepiga simu. Je, ndivyo binadamu tulivyo? Na mtu mmoja angefanya nini bila kugeuziwa kibao? (Msomaji, Mbagala)

Kwanza tuwatenganishe hao hamsini. Katika vurugu za namna hiyo wanaopiga huwa wachache, kuna kundi linaloshangilia, halafu kuna waliobaki ambao wanatazama na roho zinawauma. Swali lako linawahusu hao wa mwisho, nao ndio wengi.

Mwaka 1968 watafiti John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilolifanya New York. Kila mwanafunzi aliketi chumbani peke yake, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla ikasikika sauti ya mmoja wao kama aliyeshikwa na kifafa. Kumbe ni mkanda uliorekodiwa. Kati ya walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, 85 kwa 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa 31 kwa 100. Wasiotoka hawakuwa wamestarehe: wengine walikutwa mikono inatetemeka na viganja vimelowa jasho. Huruma walikuwa nayo. Walichokosa ni uhakika kwamba kazi ile ilikuwa yao.

Jambo la pili ni kutazamana. Wewe unamwangalia jirani, unamwona katulia, unasema moyoni labda si jambo kubwa. Naye anakuangalia wewe, anawaza hivyohivyo. Hapo hamsini wanadanganyana bila yeyote kufungua mdomo.

Hata hivyo mtu mmoja ana uzito kuliko anavyodhani. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwataka waseme upi unalingana na upi, huku wenzao wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Yapata theluthi ya majibu ilifuata uongo ule. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, majibu yaliyofuata uongo yakashuka hadi karibu 5 kwa 100. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, wa picha za kamera za mitaani katika Cape Town, Amsterdam na Lancaster, ulikuta kwamba katika ugomvi 219, mara 9 kati ya 10 kuna mtu aliyeingilia. Ule ulikuwa ugomvi wa kawaida, si umati wenye tairi na petroli, lakini unatosha kujibu swali lako la kwanza: la, hatukuumbwa kutazama tu.

Sasa la kufanya. Ondoka kwenye duara, sogea pembeni, piga simu kabla ya jambo lolote: Tanzania ni 112, Kenya 999 au 112. Taja mtaa, alama iliyo karibu (kituo cha daladala, shule, msikiti), sema mtu anapigwa, na kama umeona petroli itaje. Usikate simu kabla hawajarudia mahali ulipotaja. Kosa linalotokea sana ni kila mtu kuamini kwamba simu imeshapigwa. Bora polisi wapigiwe mara tano.

Kisha usipige kelele ya "jamani msaidieni!" Kelele hiyo inamwangukia kila mtu, kwa hiyo haimwangukii yeyote. Mnyooshee mmoja mkono: "Kaka mwenye fulana nyekundu, mpigie mwenyekiti wa mtaa. Mama, wewe kaa nami hapa." Mkishakuwa watatu au wanne, tena wakiwemo watu wazima wanaojulikana mtaani, ndipo mseme na umati. Msiseme "huyu si mwizi." Wanaopiga wanaamini wanatenda haki, na ukibisha hapo unageuka mshirika wake. Waambieni: "Wazee wangu, tumeshamkamata. Akifa hatutajua simu nyingine ziko wapi wala wenzake ni nani. Apelekwe kituoni." Maneno haya yanawapa kazi nyingine ya kufanya bila kuwavunjia heshima. Usiingie katikati peke yako, usimshike mwenye silaha, wala usiwaelekezee kamera usoni. Ukiona mtu anakimbilia petroli, mtume mtu mbio kwa muuzaji wa petroli ya chupa na kwa vijana wa bodaboda wakatae kuitoa. Hapo dakika moja ina thamani ya uhai.

Akiokolewa, usimnyanyue kwa kumvuta wala usimpe maji. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, kichwa, shingo na mwili vigeuzwe kwa pamoja. Panapovuja damu pakandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mmoja aandamane naye hospitali, mwingine aende kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi.

Kuhusu sheria, raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kanuni ya Adhabu nayo inatambua nia ya pamoja: aliyeleta tairi na aliyerusha jiwe moja wanaweza kusimama kizimba kimoja kwa mauaji. Magazeti yetu yana msemo wa "wananchi wenye hasira kali." Tunautamani uachwe, kwa sababu umewafichia majina watu wengi sana.

Mkutano ujao wa mtaa, ombeni ajenda hii na mwandike majina: nani atapiga simu, nani atamfuata mwenyekiti, namba ya polisi kata ni ipi.

SWALI: Mweka hazina wa kikoba chetu, mama tuliyemwamini miaka kumi, amechukua shilingi 640,000. Amelia, amekiri. Tulikosea kumwamini? Tumfukuze? (Msomaji, Moshi)

Kumwamini hamkukosea. Mlikosea kumwacha peke yake na fedha.

Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, na mwaka 1953 akaeleza kwamba mambo matatu hukutana. Mtu ana shida asiyoweza kumwambia yeyote, anaona njia ya kuimaliza kwa siri kupitia fedha iliyo mikononi mwake, na anayo maneno ya kujitulizia. Kwenye vikundi vyetu maneno hayo ni "naazima tu, Ijumaa narudisha." Mara nyingi Ijumaa ya kwanza anarudisha kweli, na hiyo ndiyo inayomponza: amejifunza kwamba inawezekana na hakuna anayeona.

Hatia ni yake, na alipe. Andikeni makubaliano yenye kiasi, tarehe, saini yake na za mashahidi wawili. 80,000 kwa mwezi inamaliza deni kwa miezi 8. Asishike tena fedha za kikundi. Uanachama aweza kubaki nao, ikiwa katiba yenu inaruhusu na analipa kwa wakati. Jambo lisomwe kikaoni, maana fedha ni za wanachama, lakini lisitoke kwenda kisimani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Akikataa kulipa, nendeni serikali ya mtaa, kisha polisi.

Ya kwenu ni sanduku. Liwe na kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Fedha zihesabiwe na watu wawili mbele ya wote. Kabla ya kufunga, salio litangazwe kwa sauti na kila mwanachama alikariri. Kikao kinachofuata kianze kwa wanachama kulitaja salio hilo, ndipo sanduku lifunguliwe na kuhesabiwa. Likipungua hata shilingi 500, hakuna mkopo wala hisa mpaka ipatikane sababu. Mpango huu huvunjika pale mwenye ufunguo anaposafiri na kumwachia mwenzake, mpaka funguo zote zinakutana kwenye kitenge kimoja. Fedha nyingi zisilale nyumbani: zikopesheni siku hiyohiyo, au ziwekwe kwenye akaunti inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.

Halafu kuna ile shida ya siri, na hapa vikundi vingi hujisahau. Kama mna mfuko wa jamii, mkaurekebishe: mtu aweze kumwambia mwenyekiti na mjumbe mmoja tu kwamba ada imemshinda au kuna mgonjwa ndani, apewe bila kusimamishwa mbele ya watu thelathini. Kama hamna, anzeni hata na 500 kwa kila mtu kila kikao.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne ameanza kusema uongo. Mama mkwe anasema achapwe mapema kabla hajawa mwizi. (Msomaji, Tanga)

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, uongo wa umri huo ni dalili ya akili inayokua: mtoto amegundua kwamba wewe hujui kila anachokijua yeye. Kuhusu kuchapa, watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya watoto wa miaka 3 na 4 wa shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko. Watoto wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na waliutetea uongo wao kwa ustadi zaidi.

Usimwulize jambo ambalo jibu lake unalo. "Nani kamwaga maziwa?" huku midomo yake ni myeupe ni mtego, naye atajitetea kama mtu yeyote angefanya. Sema, "Naona maziwa yamemwagika. Lete kitambaa tupanguse." Apanguse kweli, hata kama utarudia mwenyewe baadaye. Akikiri bila kuulizwa, mpongeze kwanza kwa kusema kweli, kisha kitambaa kiletwe vilevile. Mama mkwe naye aombwe afanye hivyo hivyo, maana mtoto akikutana na kitambaa kwako na fimbo kwa bibi, atajua wa kumwambia kweli na wa kumficha.