Njiwa wako jike au dume? Soma kabla hujang'oa unyoya

Ukikuta mayai manne kwenye kiota kimoja cha njiwa, usishangilie mapema. Jike mmoja hutaga mawili. Manne kwa kawaida maana yake ni majike wawili wameshikana wenyewe: wanaatamia kwa zamu, siku ya kumi na nane inapita, mayai yote viza. Jozi kama hiyo iliwahi kukaa bandani kwangu hapa Isevya, na mfugaji mmoja wa mtaani aliapa kabisa kwamba yule mwenye shingo nene ni dume.

Wazee wa njiwa hapa Tabora hupapasa mifupa ya nyonga. Ikiachana, jike, ikibanana, dume. Kwa jike aliyekwisha kutaga mkono wao haukosei sana, ila kwa kinda ni bahati nasibu. Na kunguruma si ushahidi, maana jike mbabe naye hunguruma.

Kipimo cha DNA hakijali ubabe wala umri. Kwa ndege, mama ndiye anayeamua jinsia: jike ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) Z na W, dume ana Z mbili. Maabara hunakili kwa PCR, yaani njia ya kurudufisha DNA mara nyingi, kipande cha jeni ya CHD1, ambacho urefu wake kwenye Z si sawa na kwenye W. Kwenye picha ya majibu, dume hutoa mstari mmoja, jike miwili.

Wengi huharibu kwenye sampuli. Unyoya wa kuokota sakafuni achana nao: shina limekauka, na hujui ni wa nani. Mvishe ndege pete yenye namba, kisha ng'oa manyoya madogo ya kifuani, manne au matano. Shika karibu na ngozi, vuta mara moja kufuata yanavyolala. Ile ncha iliyokuwa ndani ya ngozi ndiyo yenye seli, kwa hiyo usiiguse wala usiikate. Manyoya machanga ya bawa yenye damu ndani yaache kabisa, yatamtoa damu. Nawa mikono kabla ya kumshika wa pili.

Tumia bahasha ya karatasi, kila ndege na yake, namba ya pete juu. Kwenye nailoni jasho na joto vitaotesha ukungu basi halijafika hata Manyoni.

Damu nayo inafaa, tena tone moja tu, kwa sababu chembe nyekundu za ndege zina kiini chenye DNA, tofauti na zetu. Lakini kutoboa mwachie daktari wa mifugo.

Uliza maabara kabla ya kutuma, maana kuwa na mashine ya PCR si kusema wanapima jinsia ya ndege. Kituo cha TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, hapa mjini ni pa kuanzia kuulizia. Na usipime banda zima! Mimi hupima makinda ninaowabakiza kwa kuzalisha. Wa kwenda sokoni sitoi hata senti.

Mwenye kasuku wa kijivu, habari yako ni nyingine. Ndege huyo yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na masharti yanagusa hata unyoya wake unapovuka mpaka. Onana kwanza na watu wa wanyamapori, bahasha ibaki kabatini.