Mamdani alianzaje kabla ya umeya?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri, huyu Zohran Mamdani wa New York kila mtu anamtaja meya tu, lakini mwanzo aliingiaje kwenye siasa na alikuwa anataka nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa ni mzaliwa wa Kampala, 1991, baba yake Profesa Mahmood Mamdani aliwahi kufundisha hapo Mlimani Dar, mama ni Mira Nair yule wa filamu. Familia ilihamia New York dogo ana miaka 7. Mwaka 2020 akagombea ubunge kwenye Bunge la Jimbo (state) la New York, siyo Kongresi ya Washington jamani, watu wanachanganya sana hapo, kiti ni cha mtaa wa Astoria kule Queens, na kwenye kura ya mchujo ya chama cha Democratic, ile ya kumchagua mgombea wa chama, akamng'oa Aravella Simotas aliyekikalia kiti hicho miaka kama 10, kwa kura mia nne na kitu tu.

Kazi yake kabla ya hapo ndo inanigusa. Alikuwa anawashauri wahamiaji wa kipato cha chini ambao benki zinataka kuwanyang'anya nyumba, unakaa na mzee wa watu anakuonyesha barua ya deni mkono unatetemeka, ukitoka hapo lazima sera yako ya kwanza iwe makazi. Ndo maana alipigania wapangaji wasifukuzwe ovyo, umeme uwe wa umma, na magereza yapunguzwe.