Meza ya pool: maswali yenu, na lile la mweusi tena

Nusu ya maswali yaliyokuja safari hii yanauliza jambo lile lile la mpira mweusi, ule wa mwisho kuingizwa. Nimeyaweka chini makusudi. Mwenye haraka asubiri zamu yake kama mezani.

*Nilifungua gemu, mipira miwili ya rangi nzima ikaingia. Nilitaka ya mistari, mwenzangu akakataa. Nani mkweli? (Morogoro)*

Kwa sheria za chama cha dunia, WPA, wewe. Mipira inayoingia kwenye pigo la kufungua haimpi mtu kundi, la rangi nzima wala la mistari. Meza inabaki wazi mpaka mmoja wenu aingize mpira kihalali baada ya hapo. Mtaani wengi wanacheza "ulichoingiza ndicho chako", na hiyo si dhambi, mradi mlikubaliana kabla ya kutumbukiza sarafu. Hamkukubaliana, ndiyo maana mnaniandikia mimi.

*Faulo ni shoti mbili au mweupe mkononi? Tuligombana hadi meza ikazimiwa taa. (Tandika)*

Zote mbili ni sheria, ila si za mchezo mmoja, na ugomvi wenu umetokea hapo. Pool ya WPA, ya meza kubwa ya futi tisa na mipira yenye namba, humpa mpinzani mweupe, yaani mpira unaopigwa kwa fimbo, mkononi: auweke popote mezani, acheze zamu yake ya kawaida. "Shoti mbili" zimetoka baa za Uingereza, kwenye meza ndogo za sarafu. Kisha kuna blackball, aina nyingine ya pool, inayochezwa sana kwenye mashindano ya Afrika: ukifanyiwa faulo unapata pigo moja huru, unaloweza kugusa mpira wowote kwanza, halafu unaendelea na zamu yako.

Kinachonikera ni mchanganyiko. Meza ni ndogo ya sarafu, sheria ya faulo mtu ameitoa kwenye video ya Wamarekani, sheria ya mweusi ameachiwa na kaka yake. Halafu anayejua kupaza sauti ndiye anageuka refa. Semeni mnacheza ipi, kwa mdomo, wote wawili mkiwa bado na akili zenu. Inachukua nusu dakika.

*Mipira yote ikiingia inabaki ndani, mweupe peke yake unarudi. Meza inajuaje? (Mwanza)*

Swali la kwanza la akili leo. Meza nyingi za aina ya Uingereza hutumia mweupe mdogo: takriban milimita 47.6, mingine ikiwa 50.8. Huko chini mdogo unachepukia njia yake. Meza nyingine hutumia mweupe mkubwa zaidi, na nyingine wenye chuma ndani unaovutwa na sumaku. Kwa hiyo mweupe ukipotea, usichukue wowote tu wa meza ya jirani. Mweupe mdogo ni mwepesi na hurudi nyuma kirahisi. Ule mkubwa ni mzito na unasonga mbele hata ukiupiga chini. Watu wanasifiwa kwa ufundi ambao nusu yake ni uzito wa mpira.

*Nikiugusa mpira wangu taratibu tu ili nimzibe mwenzangu, ni faulo? (Tanga)*

Mara nyingi ndiyo, na hii ndiyo sheria inayovunjwa kuliko zote. Mweupe ukishagusa mpira wako, lazima mpira uingie, au mpira wowote, hata huo mweupe, ufike kwenye kingo za raba. Mpira wako umesimama katikati, unaubusu kwa mweupe, vyote vinasogea upana wa kidole na kutulia: faulo. Ukitaka kuziba, ziba, lakini kitu kiguse raba. Nimewahi kulisema hili kwenye baa moja nikaambiwa naleta sheria za Ulaya. Nilimaliza soda yangu nikaondoka.

*Naruhusiwa kupanda meza?*

Mguu mmoja ubaki sakafuni. Na shati uchomekee: likiusogeza mweupe, ni faulo hata kama hukukusudia.

*Nimebakiwa na mweusi. Nikaupiga, haukuingia, ila mweupe ukazama. Wamesema nimefungwa. (Mbagala, Dodoma, Arusha, Mbagala tena)*

Hujafungwa. Ni faulo kama faulo nyingine, mwenzako anaendelea. Unafungwa pale mweusi unapoingia vibaya: ukiingia pamoja na mweupe, ukiingia wakati bado una mipira yako mezani, au, kwa WPA, ukiruka nje ya meza. WPA wanaongeza kwamba lazima utaje shimo la mweusi. Ukiingia kwingine, gemu imekwisha. Hili la kutaja nalipenda, maana linawamaliza wanaopiga kwa nguvu huku wakimwomba Mungu.

Na kabla hamjauliza: mweusi ukiingia kwenye pigo la kufungua, hakuna aliyeshinda wala aliyefungwa. Blackball mnapanga upya na aliyefungua anafungua tena. WPA, kama hakufanya faulo, anachagua kuurudisha mweusi mezani au kufungua upya. Lile la "ameshinda moja kwa moja" ni la baa yenu.

*Tukicheza kwa dau, pesa ashike nani?*

Sijibu. Nimeona fimbo ikivunjwa mgongoni mwa mtu kwa dau la bei ya chipsi. Anayekuachia gemu mbili za kwanza kisha anataka mpandishe hajaanza kujifunza jana.

*Chaki napaka mara ngapi? (Kigoma)*

Kabla ya kila pigo, kwa kupangusa, si kwa kuizungusha kama unachonga penseli. Ukimaliza iweke upande wenye rangi ukitazama juu. Kuna watu huegemea meza hiyo wakiwa na suruali nyeupe.