Maswali ya wasomaji: nimelipia gari au nimelipia nembo?

Toleo lililopita niliandika kwa mstari mmoja tu kwamba Audi A3 na Skoda Octavia ni ndugu wa tumbo moja, basi mmeniandama! Wengine mmecheka, wengine mmenuna kweli kweli. Nimechukua barua chache, zile zinazouliza kitu kilekile nimeziunganisha.

SWALI: Kaka nijibu bila kunizungusha. Nimejibana miaka mitatu nikanunua A3, juzi shemeji kaja na Octavia yake ananiambia mbele ya watu eti chini ni gari moja, mi nimelipia zile pete nne za nembo tu. Ni kweli nimepigwa? (Aliyekosa usingizi)

JIBU: Hujapigwa, ila shemeji naye hajadanganya, na hapo ndo pagumu.

Watu wakisikia gari mbili zina platifomu moja wanapata picha ya chuma bapa kama meza, yenye matairi manne, afu kiwanda kinachagua bodi gani kiifunike. Kwenye gari nyingi ndogo za siku hizi hiyo meza haipo, sakafu na bodi zimechomelewa zikawa kitu kimoja. Platifomu hasa ni makubaliano ya vipimo, yaani injini inakaa wapi na inalalia upande gani, saspenshen inafungwa kwenye pointi zipi, ule ukuta kati ya injini na miguu yako unasimama wapi, waya zinapita wapi, vyuma vya mbele vinajikunja vipi gari ikigonga.

Volkswagen, ndio wenye Audi na Skoda, walivyoleta MQB mwaka 2012, yaani platifomu ya A3 na Octavia, kitu walichokikaza kisiguswe ni umbali kutoka kwenye pedeli hadi katikati ya tairi la mbele. Basi. Kutoka hapo kwenda nyuma wakaacha vivutike: umbali wa tairi la mbele na la nyuma unaongezeka au unapungua, upana vilevile, mkia vilevile, ndo maana Polo ndogo na Atlas, lile jitu la safu tatu za viti wanalouza Marekani, zinatoka ukoo mmoja na huwezi kuamini ukiziona zimepaki pamoja. Kwa nini wakaze hapo mbele? Kwa sababu hela yote iko hapo. Stelingi, pedeli, mitambo ya kiyoyozi, injini, gia boksi, vyuma vya kupokea ajali, vyote vimesongamana kwenye kaeneo kadogo, ukisogeza kimoja kidogo tu unaanza kuchora upya karibu kila kitu na kwenda kugongesha magari ukutani upya. Kurefusha sakafu ya nyuma ni kazi nyepesi ukilinganisha.

Sasa shemeji anapokosea ni pale anaposema "kila kitu sawa". Wala hata Volkswagen Golf na Golf mwenzake hazikuwa sawa! Golf ya saba, hiyohiyo ya MQB, zenye injini ndogo zilikuja na ekseli ya nyuma ya kipande kimoja kinachojipinda, zenye nguvu zikaja na mikono mingi, kila tairi la nyuma linajitegemea. Mwambie shemeji achuchumae nyuma ya gari yake na tochi aangalie: akiona boriti moja imevuka kutoka tairi hadi tairi ndo hiyo ya kwanza. Wewe nawe chungulia ya kwako kabla hujaanza kumcheka, maana A3 zenye injini ndogo nazo zilikuja hivyohivyo.

Ulicholipia zaidi ni vile vya kuhisi na kusikia. Vizuia kelele, viti, jinsi mlango unavyofunga, jinsi shokapu zilivyopangwa, na ndiyo, na nembo pia, tusidanganyane. Ila Octavia ina buti kubwa kuliko yako, hilo kubali tu.

Kupigwa kwenyewe kupo. Kwa modeli ya mwaka 1982 General Motors walichukua gari yao ya kawaida kabisa, Chevrolet Cavalier, wakaitia ngozi ndani, wakabadilisha sura kidogo, injini ndogo ya lita 1.8 ikabaki humohumo, wakaibandika nembo yao ya kifahari, Cadillac, wakaiita Cimarron na kuiuza bei ya wakubwa. Watu wakaigundua siku ileile. Ikajikokota hadi 1988 ikafa, na mpaka leo anayetaka kuwatania Cadillac anaanzia hapo. Aston Martin, wale wa magari ya kifahari, nao mwaka 2011 wakachukua Toyota iQ, kigari cha kupenyeza kwenye maegesho, wakakivika grili yao, kikaitwa Cygnet, hakikumaliza hata miaka mitatu sokoni. Sasa linganisha na Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne za 2002, zilibuniwa pamoja hadi milango ikawa ileile, lakini ukiziendesha zote mbili huhitaji mtu akuambie ipi ni Porsche. Kwangu mimi mpaka uko hapo: kama kampuni imerudi kufanya kazi juu ya ule msingi sina neno, kama imebandika nembo ikaenda kulala, hapo umepigwa.

SWALI: Habari fundi. Kama platifomu ni moja basi na spea ni zilezile si ndiyo? Nataka kununua za ile gari nyingine maana zinapatikana kirahisi.

JIBU: Polepole ndugu yangu. Mi mwenyewe yamenikuta. Kuna gari nilikuwa nayo, hatchback nyepesi tu, springi za nyuma zikachoka, nikaambiwa za ndugu yake zinaingia bila kukata chochote. Na kweli ziliingia, tena vizuri, bolti zikakaa, nikafurahi. Nikaishusha kwenye jeki, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, gari imebinua makalio juu kama panzi anayetaka kuruka! Kumbe yule ndugu ni wa kubeba mizigo, springi zake zimetengenezwa kwa uzito ambao gari yangu haijawahi kuuona. Kila tuta lilikuwa linanipiga kiunoni, nikavumilia wiki mbili nikazitoa.

Kwa hiyo kitu kuingia sio sababu ya kukifunga. Vinavyofanana mara nyingi ni vile visivyojali sana uzito, mfano pampu ya maji kama injini ni ileile, swichi za vioo, baadhi ya bushi, sensa nyingi tu. Vya kuogopa ni springi, shokapu, disiki za breki (gari nzito inapewa kubwa zaidi) na kompyuta za aina yoyote. Dawa ni namba. Toa namba ya spea yako, linganisha na ya ile nyingine mpaka tarakimu na herufi ya mwisho kabisa, maana kuna viwanda herufi moja tu mwishoni inamaanisha ni toleo tofauti. Muuzaji akikwambia "ni zilezile bro" mwombe aitafute kwa namba ya chesisi ya gari yako, akianza kukwepa ondoka.

SWALI: Na kitu kimoja kikiwa kibovu si zinaharibika zote?

JIBU: Ndiyo, na hiyo ndo bei ya kugawana ambayo kwenye matangazo hutaisikia. Mfano mkubwa hata haukuwa platifomu, ilikuwa kifaa kimoja tu: kile kinachojaza eabegi (mifuko ya hewa) za kampuni ya Takata. Ndani mlikuwa na kemikali iitwayo amoniamu nitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, sasa siku ya ajali badala ya kujaza mfuko inapasua kopo na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kwa vile kifaa hicho kilikuwa kimeuzwa kwa Honda, Toyota, BMW, Ford, Nissan na wengine kibao, magari yakaitwa kurudishwa kwa makumi ya mamilioni, na Takata wenyewe wakafilisika 2017. Kama una gari ya miaka hiyo na hujawahi kuangalia, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni yake leo. Hii usiiahirishe.

SWALI: Fortuner si Hilux iliyovaa suti tu?

JIBU: Haha, karibu. Zote zimetoka kwenye msingi mmoja wa Toyota uitwao IMV, ulioanza 2004, na hizi sasa zina chesisi ya kweli ya chuma, bodi imekaa juu yake. Ila suti yenyewe imeshonwa hadi chini: Hilux nyingi nyuma zina springi bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, za kubebea mizigo, Fortuner ina koili ili walio kiti cha nyuma wasitupwe juu.

SWALI: Vipi za umeme, nazo zinagawana?

JIBU: Tena kupita hizi za mafuta! Unakumbuka ile picha ya meza niliyoikataa kule juu? Huku ndo inakaribia kuwa kweli. Betri imelala bapa sakafuni, mota ni ndogo, hakuna gia boksi kubwa ya kukwepa, unabaki kuvuta tu urefu. Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6 ziko kwenye msingi mmoja unaoitwa E-GMP, lakini kati ya tairi la mbele na la nyuma Ioniq ina milimita 3,000 na EV6 ina 2,900, hizo sentimita kumi utazijua kwa magoti ukikaa nyuma. Na kama ulidhani ni mambo ya ndugu kwa ndugu tu, Ford wanauza Ulaya Explorer ya umeme ambayo chini yake ni MEB, platifomu ya magari ya umeme ya Volkswagen, mshindani wao. Aliyekosa usingizi akimwambia shemeji hiyo, nadhani watapata kitu kipya cha kubishania.