Kokoro Connect: wazo la kubadilishana miili lililoachwa njiani

Ndugu uliyeuliza kama ni kweli, kama ulivyoambiwa, kwamba Kokoro Connect ndiyo anime (katuni ya Kijapani) bora kuhusu vijana wanaobadilishana miili, jibu langu ni hapana, ingawa sisemi kwamba haifai kutazamwa. Niliipata nikiwa chuoni, katika flashi iliyokuwa ikizunguka bwenini, na nimeirudia tangu hapo ili nijue hasa ni kitu gani kilichonikera. Nitalazimika kutaja yanayotokea, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa.

Mfululizo huu ulionyeshwa Japani mwaka 2012, ukiwa umetengenezwa na studio ya Silver Link kutokana na riwaya za vijana za Sadanami Anda. Wanafunzi watano wa sekondari, yaani Taichi, Iori, Inaba, Yui na Aoki, wamejikuta katika klabu moja kwa sababu shule yao inataka kila klabu iwe na wanachama wasiopungua watano, nao hawakupata pengine pa kuwafaa. Ghafla wanaanza kubadilishana miili bila mpangilio wowote, kisha kiumbe anayejiita Heartseed anauingia mwili wa mwalimu wao na kuwaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na dunia, kwamba amewachagua kwa kuwa wanavutia kutazamwa. Sauti hubaki na mwili, hivyo Miyuki Sawashiro, ambaye ni sauti ya Inaba, hulazimika kuigiza mtu mwingine aliyenaswa ndani ya Inaba, na kazi hiyo anaifanya kwa ustadi mkubwa. Kwa upande wa waigizaji wa sauti sina lawama hata kidogo.

Lawama yangu ni kwamba waandishi wana miili mitano mikononi mwao, lakini karibu kila jambo wanalimaliza kwa maneno. Mara moja tu ndipo niliona wazo lenyewe likifanya kazi. Yui anawaogopa wanaume kwa sababu aliwahi kunusurika kushambuliwa na mmoja wao, na siku anapokuwa ndani ya mwili wa Taichi, Taichi anautumia mwili wa Yui kumpiga teke mahali ambapo kila mwanamume anapaficha, ili binti ayaonje maumivu hayo mwenyewe na ajue kwamba ana uwezo wa kujitetea. Ni tukio la kuchekesha na lenye akili, kwa maana somo lile lisingewezekana bila kubadilishana miili. Linganisha na Inaba, ambaye anakosa usingizi hadi kuugua kwa kuhofia kwamba mwenzake anaweza kutenda uovu akiwa katika mwili wake. Hofu hiyo ni nzito na ya kweli, nami nilitarajia ijaribiwe. Badala yake Taichi anamwambia kwamba yeye ni mtu wa wasiwasi tu, anamtolea siri yake ya aibu ili wawe sawa, na mambo yanatulia. Taichi mwenyewe, shabiki wa mieleka anayependa kubeba mizigo ya wote, anageuka kuwa daktari wa kila mmoja, na wagonjwa wake wanapona haraka mno.

Kilichonivunja moyo zaidi ni sehemu ya tano. Mwili wa Iori unaanguka mtoni kutoka darajani, na Heartseed anatangaza kwamba utakufa, kwa hiyo wachague ni nafsi ya nani itakayofia humo. Hakuna swali gumu kuliko hilo katika hadithi ya aina hii, na kwa dakika kadhaa nilisahau hata kupumua. Kisha inabainika kwamba Iori hafi, na Heartseed anaondoka kama mtu aliyemaliza kutazama sinema. Machozi yote yale yalitolewa kwa mkopo usiolipwa.

Baada ya hapo kubadilishana miili kunaisha kabisa. Kuanzia sehemu ya sita vijana wanasumbuliwa na tamaa zinazofumuka zenyewe, baadaye wanarudi utotoni kwa saa kadhaa, huku lengo la Heartseed likiachwa bila maelezo hadi mwisho. Aliyekuambia kwamba mfululizo mzima unahusu miili huenda alitazama mwanzo tu.

Ukiamua kuutazama, hakikisha nakala yako ina sehemu 17. Televisheni ilionyesha 13, na nne za mwisho zilitolewa baadaye, ingawa ndizo zinazompa Iori nafasi ya kukasirika na kuchoka kupendwa kwa sura aliyojitengenezea kwa ajili ya kuwaridhisha wengine. Mimi ningetazama tano za kwanza, nikaendelea na za Inaba katikati kwa kuwa bila hizo mapenzi ya mwishoni hayaeleweki, nikaruka zile za kurudi utotoni, kisha nikamalizia na hizo nne.